Pampu Haina Makosa

Fundi aliangusha kijiwe kisimani, akainamisha kichwa, akasikiliza. Halafu akajipangusa mikono kwenye suruali na kusema, "Pampu haina makosa. Ni maji yameenda chini."

Mimi nilicheka. Mamangu alikuwa ameniita nyumbani Kikuyu kwa sababu mifereji ilikuwa imekauka, na wapangaji wa vile vyumba viwili vya nyuma walikuwa wameanza kununua maji ya mkokoteni. Walishasema hiyo pesa wataikata kwenye kodi. Pampu yenyewe ilikuwa inanguruma vizuri tu, ila haitoi hata tone. Sasa mtu anakuja, hafungui hata skrubu moja, anatupa jiwe, halafu anataka 1,500. Nikamwambia tutampigia. Akaelewa. Alipanda bodaboda akaenda zake, nami nikamwambia mamangu kwamba hao ndio mafundi wa siku hizi, maneno mengi.

Ubaya ni kwamba huyu fundi tulikuwa tunamjua. Miezi michache kabla ya hapo ndiye aliyetutengenezea tangi la presha. Wakati huo pampu ilikuwa na ugonjwa mwingine: ukifungua mfereji inawaka, sekunde mbili inazima, inawaka tena, inazima, kama mtu mwenye kwikwi. Alizima stima, akafungua mfereji hadi maji yote yakaisha kwenye tangi, kisha akabonyeza ile vali ndogo ya juu, inayofanana na ya tairi la gari. Ikatoa hewa kidogo sana. "Ingetoa maji," alisema, "ningejua kibofu cha mpira kimepasuka, mnunue kingine. Hii imeishiwa upepo tu." Akaomba pampu ya baiskeli kwa mtoto wa jirani. Akapiga, akaweka geji, akapiga tena mpaka 18, kwa sababu swichi yetu huwasha pampu presha ikishuka hadi 20. Kwikwi ikaisha. Siku hiyo nilimsifu. Siku ya kijiwe nikamwona mkora.

Nilichofanya baadaye ndicho kinachonifanya niandike haya. Nilichukua 18,500 za mamangu, pesa ya chama aliyokuwa ameiwekea mipango mingine, nikamnunulia pampu yenye nguvu mara mbili ya ile ya kwanza. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: kama ndogo imeshindwa kuvuta, kubwa itavuta. Tuliifunga Jumamosi. Jumapili jioni ilikuwa inatoa harufu ya mpira ulioungua. Sili yake ilikuwa imekwisha kwa kuzunguka bila maji. Mamangu hakunigombeza. Aliuliza tu, "Na yule fundi alisema ni nini?"

*

Wiki hiyo nilikuwa na kazi ya kuandika makala fupi ya watoto kuhusu Galileo, zile za kulipwa kwa neno. Nikawa nasoma kitabu chake cha mwisho, kilichochapishwa Leiden mwaka wa 1638. Galileo wakati huo alikuwa mzee, kipofu, na amefungiwa nyumbani kwake Arcetri, karibu na Florence, kwa amri ya Kanisa. Kitabu kimeandikwa kama mazungumzo ya watu watatu wanaokutana siku kadhaa kujadili mambo ya nguvu na mwendo. Siku ya kwanza, mmoja wao, Sagredo, anasimulia kisa cha pampu.

Anasema aliwahi kuona tangi la maji la chini ya ardhi lililowekewa pampu ya kuvuta. Maji yakiwa juu, pampu inafanya kazi barabara. Yakishuka chini ya kiwango fulani, inagoma kabisa. Mara ya kwanza alipoona hivyo, Sagredo alidhani pampu imeharibika. Akaita fundi aje aitengeneze. Fundi akamwambia kasoro haiko kwenye pampu, iko kwenye maji, ambayo yameshuka mno. Akaongeza kwamba hakuna pampu ya kuvuta, iwe kubwa au ndogo, inayoweza kupandisha maji hata unywele mmoja zaidi ya dhiraa 18. Kwa vipimo vya Florence, hiyo ni kama mita 10 na nusu.

Manze, niliweka simu chini. Ilikuwa saa saba usiku na nilihisi kama nimekamatwa. Kisa ni kile kile. Mwenye pampu anaona mashine haifanyi kazi, anaita fundi, fundi anamwambia aangalie maji. Tofauti ni kwamba Sagredo alimsikiliza.

Na usidhani Galileo mwenyewe alikuwa na jibu sahihi. Mwaka wa 1630 Giovanni Battista Baliani alikuwa amemwandikia kutoka Genoa akiuliza kwa nini bomba lake la kuvusha maji juu ya kilima, kama mita 20 hivi kwenda juu, limekataa kufanya kazi. Galileo alieleza kwamba nguzo ndefu ya maji hukatika kwa uzito wake yenyewe, kama kamba iliyoning'inizwa ikawa ndefu kupita kiasi. Katika kile kitabu cha 1638 alirudia maelezo hayo hayo. Ni wazo zuri, ila si kweli. Kwa hiyo fundi alikuwa na kipimo, na mwanasayansi mkubwa kuliko wote wa zama zake alikuwa na sababu isiyo sahihi.

Sababu yenyewe ilikuja baada ya Galileo kufa. Mwaka wa 1644 Evangelista Torricelli, aliyekuwa amekaa naye miezi yake ya mwisho, aliandika barua kwa rafiki yake Michelangelo Ricci huko Roma. Yeye na mwenzake Vincenzo Viviani walikuwa wamechukua mrija wa kioo, wakaujaza zebaki, wakaupindua ndani ya bakuli lenye zebaki. Zebaki ilishuka kidogo kisha ikasimama, kama sentimita 76 juu ya bakuli. Zebaki ni nzito kuliko maji mara 13 na nusu hivi. Ukizidisha, unapata mita 10 na kitu za maji, kile kipimo cha fundi. Torricelli akasema sisi tunaishi chini kabisa ya bahari ya hewa, na hewa hiyo ina uzito. Huo uzito ndio unaoisukuma zebaki ipande kwenye mrija.

Hapa ndipo kosa langu la 18,500 lilipokuwa. Pampu iliyokaa juu ya kisima haivuti maji. Inachofanya ni kuondoa hewa ndani ya paipu. Basi. Kazi ya kuyapandisha maji inafanywa na hewa ya nje, inayokandamiza maji kisimani. Ni kama soda na mrija: mdomo wako unatengeneza nafasi, hewa inasukuma soda. Hewa ikishafika mwisho wa nguvu zake, hata ukiweka pampu ya nguvu ya trela, hakuna kitakachopanda. Nguvu ya pampu inasaidia kuyasukuma maji yakishafika kwenye pampu, yapande kwenye tangi la juu au ghorofani. Chini ya pampu, nguvu ni ya hewa.

*

Kuna jambo la kuaibisha zaidi. Hayo yote nilikuwa nimeyasoma. Kwenye silabasi yetu ya fizikia ya 8-4-4, kidato cha kwanza, mada ya presha, kulikuwa na pampu ya kuvuta na pampu ya kusukuma. Tulichora zote mbili. Tulikariri kwamba pampu ya kuvuta haiwezi kuzidi mita 10, na kwamba kwa kweli hufika chini ya hapo kwa sababu viungo huvuja na kwa sababu sehemu za juu zina hewa nyepesi. Niliandika jibu hilo kwenye mtihani, nikapigiwa tiki. Baadaye nikaenda chuo, nikaacha mwaka wa pili, na katika hiyo safari yote halikunijia wazo kwamba "sehemu za juu" ni kwetu.

Mtu aliyethibitisha jambo la sehemu za juu anaitwa Florin Périer. Shemeji yake, Blaise Pascal, alimwomba apande mlima na mrija wa zebaki. Tarehe 19 Septemba 1648 Périer na kundi la watu wa heshima wa mji wa Clermont, Ufaransa, walianza asubuhi kwenye bustani ya watawa. Walipima zebaki pale chini, wakamwacha mtawa mmoja autazame mrija mmoja siku nzima, wakapanda na mwingine hadi kilele cha Puy de Dôme. Juu kule zebaki ilisimama chini zaidi kwa kama sentimita 8. Ule wa bustanini haukusogea. Hewa ya mlimani ilikuwa chache, kwa hiyo uzito wake ulikuwa mdogo.

Puy de Dôme ina kama mita 1,465 juu ya usawa wa bahari. Mji wa Kikuyu uko karibu mita 2,000. Yaani mamangu anafulia nguo juu kuliko kilele alichopanda Périer. Ukipiga hesabu kwa hewa ya urefu huo, mita 10 na kitu za Mombasa zinabaki kama mita 8. Hiyo ni futi 26 na nusu, na hapo umejaaliwa paipu isiyovuja popote na pampu isiyo na ila. Kwa kazi ya kila siku ni chini ya hapo. Pampu ile ile, na kisima chenye kina kile kile, inaweza kufanya kazi Likoni na igome Kikuyu.

Asubuhi yake nikafanya kile ambacho fundi alifanya kwa sekunde moja na jiwe. Nilifunga nati nzito kwenye kamba, nikaiteremsha. Ilipogusa maji nikaweka alama, nikaitoa, nikaipima na futi ya fundi cherehani. Ilikuwa futi 29.

Kabla ya kukubali, nilijaribu kujitetea mara ya mwisho. Pengine vali ya chini, ile inayozuia maji yasirudi kisimani, ndiyo inayovuja? Nikajaza paipu ya kufyonza maji hadi juu, nikangoja nusu saa. Maji yalikuwa pale pale. Kama vali ingekuwa inavuja yangeshuka. Viungo vilikuwa vikavu. Paipu nzima, vali nzima, na pampu ya zamani nilipoiwasha ikanguruma vizuri bila kuleta kitu. Kila kitu kilikuwa sawa isipokuwa futi 29.

*

Kisima chenyewe kilichimbwa kwa mkono enzi za guka. Kina futi 45. Mamangu anakumbuka wachimbaji wakitoa udongo kwa ndoo na kamba, na jinsi walivyofurahi maji yalipojaa hadi futi 20 kutoka juu. Ndiyo maana pampu ya kuvuta ilitosha kwa miaka yote hiyo. Tulikuwa tunaishi ndani ya kipimo cha yule fundi wa Italia bila kujua, tukiwa tumebakiwa na nafasi ya futi sita tu.

Na sisi ni watu wa maji, hapa Kikuyu. Reli ilipofika mwaka wa 1899 mahali palipoitwa na Wamaasai kwa jina la maji baridi, mji ulioanzishwa pale ulipata maji yake ya kwanza ya bomba kutoka chemchemi za Kikuyu. Mto Nairobi wenyewe unaanzia kwenye kinamasi cha Ondiri, mwendo mfupi kutoka kwetu. Ukikulia mahali kama hapo, unazoea kufikiri maji yapo tu, na kama hayatoki basi kuna kitu kimeharibika.

Huko Pwani kuna mji uliowahi kulijua hili. Gede, kule Kilifi, leo ni magofu ndani ya msitu. James Kirkman alianza kuyachimbua mwaka wa 1948, na miongoni mwa mambo yaliyoonekana ni kwamba kisima kilicho kando ya Msikiti Mkuu kilikuwa kimechimbwa tena, kikaongezwa kina. Kushuka kwa maji ni mojawapo ya sababu zinazotajwa za watu kuuhama mji huo. Mimi namfikiria mtu wa Gede aliyetangulia kusema tuongeze kina. Hakuwa na mashine ya kulaumu, alikuwa na kamba na ndoo. Kamba haidanganyi. Siku haifiki, unajua ni fupi kwa kiasi gani. Sisi tuna kifuniko cha chuma, swichi na geji, na mwaka mzima unaweza kupita bila mtu kuchungulia kisimani.

*

Nilimtumia fundi zile 1,500 kwa M-Pesa. Kisha nikaandika ujumbe, nikaufuta, nikaandika mwingine, mwisho nikatuma: "Fundi, samahani. Ulisema ukweli." Jibu lilikuja baada ya saa nzima.

"Umepima?"

"Futi 29."

"Nakuja Jumamosi. Usiwashe hiyo pampu."

Alikuja na pampu ya kuzama, nyembamba kama chupa kubwa ya chai. Hii haingojei hewa imsaidie. Inakaa ndani ya maji na kuyasukuma kutoka chini, kwa hiyo kile kikomo cha dhiraa 18 hakiihusu. Wazo la kuzamisha pampu pamoja na mota yake ya umeme lilikuzwa na Armais Arutunoff, mzaliwa wa Tiflis, kwa ajili ya visima vya mafuta, kwanza Urusi, baadaye Bartlesville, Oklahoma. Yetu tuliishusha hadi futi 40, juu kidogo ya matope. Ya kwanza tuliiuza. Ile kubwa iliyoungua bado iko stoo, na mamangu amekataa itupwe. Anasema ikae hapo niione.

Tangi la presha lilibaki lile lile. Wakati anapima upepo wake nilimsimulia fundi habari za Robert Boyle, kwamba mwaka wa 1660, akisaidiwa na Robert Hooke, aliandika kuhusu hewa kana kwamba ni springi, kama rundo la sufu ya kondoo ukiikandamiza na ukiiachilia. Na kwamba mwaka wa 1662 akatoa hesabu yake: ukiongeza presha mara mbili, hewa inashika nusu ya nafasi. Tangi letu ni la lita 24. Pampu inaposukuma maji ndani, hewa iliyo nyuma ya kibofu inabanwa. Pampu ikizima, ile hewa ndiyo inayotuma maji mfereji, lita kama 8, kabla pampu haijahitajika tena. Hewa ikipungua hakuna springi, na pampu inapata kwikwi. Fundi alisikiliza kwa adabu. Alipomaliza na geji akasema, "Mimi huwa nawaambia watu tangi ni kama mpira wa miguu. Wanaelewa haraka."

Nikaona nimsimulie basi kisa chenyewe, cha Sagredo na fundi wake. Nilimwambia jinsi Galileo alivyokiandika, jinsi Torricelli alivyokuja kupata sababu, jinsi presha leo inavyopimwa kwa paskali, kwa jina la Pascal, na jinsi yule fundi aliyesema kwanza hakuandikwa hata jina. Nilidhani atafurahi. Alikuwa anakunja kamba.

"Huyo fundi," aliuliza, "alilipwa?"

Nilirudi kwenye kitabu usiku huo kuangalia. Kitabu hakisemi.